Kando ya Kaburi la Mama

Luhangila, Njombe
14 Agosti 2023

Dada yangu Eveline,

Kamwene. Barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, yule anayelifahamu duka la jirani yako hapo Mahongole. Simu hainisaidii tena. Miaka niliyosimama kwenye mashine ya kupasua mbao imeondoka na masikio yangu, na mtu akinipigia nasikia mvumo tu. Nikimpa mwingine anisikilizie, mambo ya ukoo yanageuka kuwa ya kijiji kizima.

Huku baridi imetukamata. Sakitu imeganda ikaunguza viazi vyote vya bondeni, vya mlimani vimepona. Judith anatembea vizuri tangu tuliporudi naye kutoka hospitali ya Ikonda, ila kupanda kilima bado. Mwanetu Elius amerudi kutoka Mbeya, na safari hii anasema amerudi kabisa. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii kuwa na kijana anayeamka na kwenda shambani.

Nina ombi. Naomba mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, uje kilimani kwenye makaburi ya wazee wetu useme yale maneno aliyokuwa akiyasema shangazi Emilia. Mabinti wa ukoo wamekwisha, umebaki wewe, na mtu mwingine hawezi kuyasema. Najua utashangaa. Mimi ni mzee wa kanisa, na mwaka tuliomzika mama nilikukatalia jambo hilihili mbele ya watu. Lakini umri unamfikisha mtu mahali pengine. Kuna mambo inafaa wazee waambiwe kabla hayajaendelea mbele.

Nijibu kwa kondakta huyuhuyu.

Ndugu yako,
Ebeneza


Mahongole, Makambako
23 Agosti 2023

Mdogo wangu Ebeneza,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi nikaisoma tena. Sikujua kama nitaishi kuyaona maneno haya kwa mwandiko wako.

Sitakusema kwa ya zamani. Siku ile ulikuwa kijana na usharika mzima ulikuwa unakutazama. Nilichoumia ni kwamba mama alishuka ardhini bila mtu kuwaambia waliomtangulia kuwa anakuja. Nilirudi Makambako na lile neno kooni, nimekaa nalo miaka yote hii. Sasa unaniambia nije nilitoe. Nitakuja, Ebeneza. Hata kama ni kwa mkongojo, nitakuja.

Unajua kwa nini jambo hili linanigusa kuliko wewe? Alois wangu alipofariki, ndugu zake walikuja na gari kutoka Ludewa wakamchukua. Ndiyo desturi, sikuweza kuwapinga, na mwanamume analala kwao. Lakini mimi nimebaki na nyumba aliyoijenga kwa mshahara wa TAZARA, na kaburi lake liko huko kando ya ziwa, mahali ambapo nikifika naonekana mgeni. Watoto Mungu hakutupa. Basi jioni nikisikia treni ya mizigo inapita najiuliza, mimi nitalala wapi? Jibu langu siku zote ni hapo kilimani, kando ya mama. Sijawahi kulisema hili kwa mtu, nakuambia wewe kwa sababu umeniandikia vizuri.

Sasa sikiliza yanayohitajika. Maji yachotwe pale pale kwenye chemchemi chini ya kilima, alfajiri, na mwanamke. Judith hawezi, basi atafutwe mke wa mmoja wa binamu zetu. Unga wa ulezi nitakuja nao, nimepanda mwenyewe uani. Nyasi zifyekwe, ila mti wa mbele ya kaburi la babu usiguswe. Watu wa ukoo wote waitwe, hata wale mliogombana nao.

Na jambo moja hujaniambia. Nikisimama pale, niwaambie wazee nini? Shangazi Emilia alikuwa hasimami bure. Alikuwa anawaambia kuna ndoa, kuna njaa, kuna mtoto amezaliwa. Mimi nitawaambia kuna nini?

Dada yako,
Eveline


Njombe mjini
3 Septemba 2023

Shangazi Eveline,

Shikamoo. Ni mimi Elius. Najua hatujaandikiana kabla, lakini baba amesema umekubali kuja mwezi wa kumi, nikaona nisikae kimya bila kukushukuru.

Shangazi, umenisaidia kuliko unavyojua. Mimi nilishamwambia baba kuwa shangazi akikataa tumekwama, maana wazee wa ukoo walisema wazi kaburi haliwezi kufunguliwa mpaka binti wa nyumba aseme na walio ndani. Kampuni nao wamekuwa waungwana, wameliheshimu hilo. Meneja alisema mila zenu zifuateni, sisi tutasubiri.

Mpango ni kama baba alivyokueleza. Kampuni inapanda parachichi bonde lote, na inakitaka kilima chetu kwa sababu ya ile chemchemi. Watajenga bwawa pale na pampu itakaa pale pale kwenye makaburi. Wazee watahamishiwa makaburi ya kijiji karibu na barabara, watajengewa kwa saruji na majina yataandikwa. Mimi wameniahidi usimamizi wa umwagiliaji.

Nikuambie ukweli, shangazi. Mbeya nilibeba mizigo, nikauza mitumba, nikalala chumba kimoja na watu nisiowajua. Mke alinichoka akaondoka na mtoto. Nataka kuishi kwetu. Nataka niamke nikione kilima hicho. Najua ajabu yake, kwamba ili nikae kwetu lazima kwetu pabadilike, lakini sijaona njia nyingine.

Asante sana. Ukifika stendi ya Njombe nitakupokea mwenyewe.

Mwanao,
Elius


Mahongole, Makambako
10 Septemba 2023

Mwanangu Elius,

Marahaba. Barua yako imefika, na nimeielewa yote. Umeniandikia kama mtu mzima anavyomwandikia mtu mzima, na hilo sitalisahau, hata siku utakapokuwa na hasira na mimi.

Usimwambie baba yako kuwa uliniandikia. Si siri mbaya. Ni kwamba kuna jambo nataka alitamke mwenyewe, na bado nampa nafasi.

Swali moja. Kibena chako kikoje? Mbeya haijakula lugha yako? Nijibu kwa neno moja tu.

Shangazi yako,
Eveline


Mahongole, Makambako
10 Septemba 2023

Mdogo wangu Ebeneza,

Salamu kwa Judith. Bado sijapata jibu la swali langu, kwamba nikisimama pale niwaambie wazee kuna nini. Naliuliza tena, nikiwa dada yako niliyekubeba mgongoni.

Eveline


Luhangila, Njombe
19 Septemba 2023

Dada,

Wewe sema tu yale ya kawaida. Waombe wawe radhi na sisi, wawe radhi na mabadiliko, wasiwe na kinyongo na watoto. Hayo yanatosha. Maelezo mengine tutazungumza ukifika, karatasi haifai kwa kila kitu.

Nimefyeka. Mti sikuugusa.

Ebeneza


Mahongole, Makambako
27 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Nimekuelewa. Nitakuja Ijumaa ya tatu ya mwezi wa kumi. Waite wote, na kama kuna wageni wanaohusika na hayo mabadiliko, nao waje. Wazee wetu hawakuwa wachoyo wa kuonana na watu.

Eveline


Luhangila, Njombe
23 Oktoba 2023

Eveline,

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kuandika. Umeondoka kilimani bila kuaga, ukakataa hata uji wa Judith, ukapanda pikipiki ukaenda. Kwa hiyo hukuona uliyoyaacha. Wakati unasema ulikuwa umetugeuzia mgongo, umelitazama kaburi, na nyuso zetu hukuziona. Nataka uzijue.

Ulipopiga magoti na kuanza kunyunyiza unga, mimi nilikuwa na amani. Sikusikia neno hata moja, masikio yangu unayajua, lakini niliona midomo yako ukitaja majina, nikadhani unafanya yale tuliyokubaliana. Nilikuwa hata nimeanza kuomba moyoni mwangu. Kisha nikaona binamu zetu wanatazamana. Mwenyekiti wa kijiji akavua kofia. Meneja, ambaye si mtu wa huku na Kibena hakijui, akamwinamia Elius amuulize unasema nini. Na wewe, kana kwamba una macho kisogoni, ukanyamaza kumpa nafasi. Ukasema sentensi, ukasubiri, ukasema nyingine.

Kijana wangu alikuwa amenisogelea mimi pia, kwa sababu anajua sisikii, basi ilimbidi apaze sauti. Kwa hiyo maneno yako, dada, nimeyapata kutoka kinywani mwa mwanangu, mbele ya watu wote. Hakuyapunguza. Nilitamani ayapunguze, hakuyapunguza.

Alisema, "Anawaambia wazee: Nimewaletea wageni muwaone. Wageni hawa wanataka mwondoke hapa ili maji yenu yachukuliwe. Hamkuulizwa, na mimi niliyetakiwa kuwauliza sikuambiwa."

Akaendelea. "Anasema: Katika ukoo huu binti hapewi shamba. Mimi sikupewa, na sikudai. Leo nadai. Hapa kando ya mama ni mahali pangu. Atakayefungua kaburi hili anafungua na langu, na mimi bado niko hai, nitakuwepo siku hiyo, nimekaa juu yake."

Meneja akamuuliza kitu, Elius akanirudia kwa sauti, "Sasa, ameruhusu au hajaruhusu?"

Elius alinitazama mimi kwanza. Nadhani alikuwa ananiomba kitu, na sikujua cha kumpa. Akasema, "Hajaruhusu. Na mimi siwezi kusema vinginevyo, nimemsikia."

Ndiyo ikawa mwisho. Mwenyekiti alisema haweki sahihi kwenye ardhi ambayo ukoo haujakubaliana. Meneja alitushukuru kwa muda wetu, wakapanda gari lao. Binamu zetu walishuka kilima, wengine wananicheka, wengine wananihurumia, sijui lipi ni baya zaidi.

Umefanya uliyoyafanya. Lakini kuna jambo hujui. Siku ya pili yake Elius alifunga begi akaondoka. Hakusema anakwenda wapi. Judith analia. Mimi sikukitaka kilima kile kiende, Eveline. Ulidhani nimekiuza kwa tamaa? Nilitaka mtoto abaki. Babu na baba na mama wamekwisha lala, hawana safari tena. Huyu ndiye aliyekuwa na safari. Nilikuwa nabadilisha waliolala kwa anayetembea, na nisingeweza kukuambia hivyo kwa sababu nilijua utakavyosema.

Umenirudishia kaburi la mama na umeninyang'anya mwanangu.

Ebeneza


Mahongole, Makambako
1 Novemba 2023

Mdogo wangu Ebeneza,

Elius yuko hapa kwangu. Alikuja siku ileile aliyotoka kwenu. Aliniomba nisikuambie, nikamwambia mama yake hawezi kuendelea kulia kwa ajili ya mtu anayekula ugali kwangu. Mwambie Judith kabla hujamaliza kusoma.

Usidhani alikuja kwa upendo. Alifika akaweka begi mlangoni, akasema, "Shangazi, nimekuja kwa sababu sina nauli ya kwenda mbali zaidi." Kisha akachukua shoka. Alinikatia kuni zote, hata zile ambazo hazikuhitaji kukatwa. Nilimwacha. Nilikuwa nimemtumia mtoto wa watu kama kipaza sauti, na nilijua hivyo tangu nilipomuuliza kuhusu Kibena chake. Nilitaka maneno yakufikie wewe, na nilijua masikio yako hayatanipokea mimi. Kwa hilo ana haki ya kunikasirikia, na wewe pia.

Lakini hilo la kwamba waliolala hawana safari, sikubaliani nalo. Kaa chini nikueleze alichoniambia Elius tulipoanza kuongea, ndipo utaelewa.

Alisema si kazi ya mshahara aliyoikosa iliyomuuma pale kilimani. Kilichomuuma ni kwamba nilipotaja majina, yeye aliyatafsiri mengine yote, lakini majina hakuyajua. Nilipotaja wa nne, alidhani ni jina la mahali. Alikuwa anawaambia wageni habari za watu wa damu yake kama mpita njia anayesoma kibao. Akaniuliza hao ni nani. Nikamwambia yule wa nne ndiye aliyekuja na familia yake wakati wa njaa akaikuta ile chemchemi, na kwamba Wajerumani walipowatoa bondeni, huyo ndiye aliyewarudisha watu wake usiku usiku wakazika mtoto aliyewafia pale juu, kusudi wasiweze kufukuzwa tena. Hilo kaburi dogo, ambalo sisi tulikuwa tunaambiwa tusilikanyage, ni la mtoto huyo. Kilima kile kilishikwa kwa kaburi, Ebeneza. Si mimi niliyebuni jambo hilo. Nilifanya kilichokwisha kufanywa.

Wewe hukuyajua haya kwa sababu shangazi Emilia alikuwa anayasema kwa mabinti, na wewe ulikuwa shule ya misheni. Silaumu shule. Hata mimi naimba kwaya mpaka leo, na Jumapili sikosi. Sijawahi kuona Mungu, huyo Nguluvi wetu, akigombana na mama yangu.

Kijana analala sasa. Atarudi akitaka. Usimfuate.

Dada yako,
Eveline


Luhangila, Njombe
28 Januari 2024

Dada Eveline,

Nimechelewa kukujibu, na nimechelewa makusudi. Kwanza nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki na aibu, na aibu inaandika polepole kuliko hasira.

Elius alirudi wiki ya Krismasi, kama unavyojua. Amechukua lile shamba la upande wa barabara, amepanda viazi, na anazungumza na vijana wenzake habari ya miche ya parachichi ya kwao wenyewe, kidogo kidogo, kwenye ardhi yao. Kampuni imehamia bonde la pili kwa watu wengine. Trekta zao nikiwa juu ya kilima naziona, na nikizitazama siwezi kusema tumeshinda. Jirani zetu kule wamehamisha wazee wao. Mmoja wao alikuja hapa baada ya kazi hiyo, akaketi barazani kwangu mpaka chai ikapoa, akaondoka bila kusema alikuwa amefuata nini.

Pili, niliitwa na wazee wenzangu wa usharika. Waliniuliza kama ni kweli pamefanyika tambiko kwenye ardhi yangu na kwa mwaliko wangu. Nikasema ni kweli. Wakaniomba nisimame ibadani niseme kwamba nilipotoka. Walikuwa na upole, sina neno la kuwasema. Njia rahisi ilikuwepo, ningeweza kusema dada yangu alinidanganya. Nilifungua kinywa nikajikuta nasema, "Mimi ndiye niliyedanganya. Nilimwita dada yangu aje awaage wazazi wetu kwa hila. Kwa hilo niko tayari kutubu mbele ya watu. Lakini kwa alichokisema pale, sitatubu." Wamenipumzisha uzee wa kanisa kwa muda. Bado naenda ibadani, nakaa benchi la nyuma, na kwa masikio haya benchi la mbele halikuwa na faida yoyote kwangu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Wiki iliyopita mkutano wa kijiji ulipitisha mipaka ya mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Elius alikuwa ananiandikia maneno kwenye kiganja ili nifuate. Walipofika kwenye kilima, karani akauliza liandikwe jina la nani. Kila mtu alinitazama mimi. Nikasimama nikasema sehemu ya juu yote, kuanzia chemchemi mpaka makaburi, iandikwe Eveline. Pakawa na minong'ono, niliiona. Binamu yetu mmoja akasema mwanamke aliyeolewa Ludewa hawezi kuandikwa hapa. Elius alimjibu kwa Kibena kitu ambacho sikukisikia, na mpaka leo hataki kuniambia ni kitu gani, lakini yule binamu aliketi.

Sehemu ile ni yako sasa, dada. Si mahali pa kulala tu. Ni shamba.

Ndugu yako,
Ebeneza


Mahongole, Makambako
6 Februari 2024

Ebeneza,

Nimeipeleka barua yako kanisani ndani ya mfuko wa kitenge, nikarudi nayo, nikaipeleka tena sokoni. Jirani yangu Conjesta aliniuliza kama nimefiwa, nikamwambia hapana, nimezaliwa mahali, na yeye akadhani uzee umenianza.

Mambo ya kanisa yasikutie unyonge. Nilikuwa nimekuandalia maneno makali kwa ajili ya siku tutakayoonana. Nilikuwa nayapanga wakati wa kupalilia, na mengine yalikuwa mazuri sana. Sasa hayana kazi.

Nimefikiri hivi. Nyumba hii ya Alois nitampangisha Conjesta na watoto wake, wanabanana mno kule wanakokaa. Mimi mifupa yangu bado inainama na kuinuka. Sioni sababu ya kungoja mpaka nibebwe ndipo nije kwetu. Mwambie Elius aje na gari la kuazima Jumamosi, sina mizigo mingi, ni kitanda, mashine ya kushonea na debe la mbegu. Judith aniandalie kile chumba cha nyuma mpaka nitakapojijengea.

Na maharage ya mvua hizi bado yanawahi. Mwambie Elius sehemu ya juu asiiguse, asinisaidie hata kupindua udongo. Nitaanza mwenyewe.

Eveline